Ndala si kiatu cha kupandia baiskeli



Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumzia homa, maji ya kunywa, vyoo na lishe ya watoto. Leo tunashuka chini kabisa, mpaka kwenye nyayo. Sababu ni kwamba kwa sisi matabibu tunaofanya kazi huku Kisesa, Bujora na vijiji vya kuelekea Magu, haipiti wiki bila kusafisha kidonda cha kidole gumba, cha muundi au cha kisigino, na ukimuuliza mwenye kidonda ilikuwaje, maelezo yake huanza na baiskeli na huishia na ndala. Sizungumzii ajali za magari katika barabara ya Musoma, hizo ni habari nyingine, Allah atunusuru nazo. Nazungumzia yale majeraha yanayodharauliwa, ambayo mtu huyafunga kitambaa akaendelea na safari, kisha baada ya siku kumi anarudi mguu umevimba na unatoa harufu, na baba mwenye kulisha watu saba anakaa barazani mwezi mzima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili nisimchoshe msomaji. Ndala, ambazo wengine huziita kandambili au malapa, ni kiatu cha bafuni na cha uani. Si kiatu cha kupandia baiskeli. Na sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa kwetu ndala zimepata heshima kupitia mlango wa msikiti. Nitaeleza.

Baiskeli ya huku kwetu si ya mchezo. Ni Phoenix nzito yenye keria nyuma, inayobeba madumu ya maziwa asubuhi, magunia ya mpunga au mkaa mchana, na mke na mtoto jioni. Kabla ya bodaboda kujaa, vijana wengi wa Kisesa walikuwa wakipakia abiria kwenye keria zenye mto wa sponji, na hata leo wapo wazee wasioiamini pikipiki. Njia zenyewe mnazijua: mchanga, mawe, miba, na tope zito la mbuga wakati wa masika. Pedeli za baiskeli hizi ni bapa, yaani mguu unakaa juu yake tu bila kufungwa na chochote. Kinachoushikilia mguu usiteleze ni soli ya kiatu peke yake. Ukiwa na soli mbaya, huna kitu.

Wakati mwingine hupita katika barabara ya Musoma wazungu wenye baiskeli za safari ndefu, na wengine hukata kuingia Bujora kuona Makumbusho ya Wasukuma. Atazame mtu viatu vyao badala ya kutazama taa na mifuko yao. Wako wanaovaa viatu vyenye kipande cha chuma chini kinachonasa kwenye pedeli. Hivyo ni vya wakimbiaji na havituhusu. Lakini wako pia wanaotumia pedeli bapa kama zetu, nao huvaa kiatu cha aina yake: soli ni bapa, ngumu kiasi, na mpira wake unanata. Kampuni moja ya Marekani iitwayo Five Ten, iliyoanzishwa mwaka 1985, ilitengeneza viatu vya kukwea miamba, kisha mpira ule ule wa kushika mwamba ukaja kutumika katika viatu vya baiskeli za pedeli bapa. Sisemi tuvinunue, bei yake ni ya kununulia mbuzi na zaidi. Nasema tuichukue akili iliyomo ndani yake. Mtoto yeyote wa Mwanza aliyekulia kwenye mawe anajua tayari ni kiatu gani kinashika jiwe na ni kipi kinamwangusha. Elimu ile ile ndiyo inayotakiwa kwenye pedeli.

Katika Sahihi Muslim imepokelewa kutoka kwa Jabir bin Abdullah (R.A.) kwamba Mtume (SAW), katika msafara mmoja wa vita, aliwahimiza masahaba wawe na viatu kwa wingi, akamfananisha mtu aliyevaa viatu na mtu aliyepanda kipando. Wanazuoni wameeleza kuwa mfano huo unatokana na wepesi anaoupata mwenye viatu, uchache wa kuchoka, na kusalimika kwa mguu wake na miba na mawe. Basi ikiwa kiatu peke yake ni kama kipando, vipi mtu apande kipando cha chuma hali mguu wake uko kama mtupu?

Wapo watakaonijibu kwamba kutembea peku ni unyenyekevu, na kwamba imepokelewa na Abu Dawud kutoka kwa Fadhala bin Ubayd (R.A.) kuwa Mtume (SAW) alikuwa akiwaamuru masahaba kwenda peku wakati mwingine. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeisoma hadithi hiyo madrasa. Lakini ni wakati mwingine, na ni kutembea. Aliyekanyaga pedeli ya chuma iliyochakaa, amepakia kilo hamsini za mpunga, anashuka mteremko, huyo hayuko katika mazingira ya unyenyekevu, yuko katika hatari. Dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine, na dereva wa baiskeli akiteleza mguu huanguka na aliyempakia.

Mguu unavyofanya kazi juu ya pedeli

Unyayo mmoja wa binadamu una mifupa 26. Ukiendesha baiskeli, nguvu yote ya paja na kigimbi hupita mahali padogo sana, yaani ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma kidogo ya vidole, ambayo inatakiwa ikae juu ya chuma cha katikati ya pedeli. Wengi wetu hukanyaga kwa katikati ya unyayo, pale penye upinde, kwa sababu ndala haiwaruhusu kukanyaga kwa mbele bila kuchomoka. Matokeo yake goti linachoka haraka na upinde wa unyayo unauma. Yule anayeamka asubuhi akiweka kisigino chini anahisi kama kachomwa msumari, na mchana kutwa yuko juu ya baiskeli, aanze kwa kukitazama kiatu chake kabla hajanunua vidonge vya maumivu.

Kiatu chenye soli ngumu kiasi huigawa nguvu ile ikaenea unyayo mzima. Ndala ya sponji inafanya kinyume. Inajikunja juu ya pedeli kama mkate wa kumimina, na pedeli yote unaihisi ndani ya nyama. Mishipa ya fahamu inayopita kati ya mifupa ya mbele ya unyayo inabanwa, ndipo mtu husema vidole vinaingia ganzi au vinawaka moto baada ya kuendesha kutoka Kisesa hadi Igoma. Hali kadhalika vidole hulazimika kujikunja muda wote kuishikilia ndala isianguke, kama kucha za kuku juu ya kitawi. Mguu ambao ungetakiwa kusukuma baiskeli unafanya kazi mbili.

Hayo ni maumivu tu. Jeraha lenyewe huja kwa njia tatu ninazoziona mara kwa mara. Gidamu inakatika au kuchomoka, mguu unateleza mbele na kidole gumba kinapiga chini au kwenye jiwe, na kucha inang'oka. Au ndala iliyolowa inateleza juu ya pedeli iliyoisha mpira, pedeli inazunguka na kuupiga muundi, ambapo hakuna nyama ila ngozi na mfupa, na kidonda cha hapo hakiponi upesi. Ya tatu ni ya kusikitisha zaidi maana tunaifanya kwa makusudi: breki zimekufa siku nyingi, fundi hajaonwa, basi mtu anafunga breki kwa kuikandamiza ndala kwenye tairi. Soli ya sponji inaliwa, inabaki kama karatasi pale kisigino, na siku moja inatoboka katikati ya mteremko. Huyo tatizo lake la kwanza si kiatu. Anunue breki.

Basi tuvae nini?

Nitaanza na ninachokipenda. Raba ya kitambaa yenye soli bapa ya mpira, ile iliyojulikana kwa jina la raba mtoni, ndiyo kiatu bora cha pedeli zetu. Soli yake haina mabonde makubwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mpira inagusa pedeli. Inafunika vidole, ina kamba, inapitisha hewa, na inafuliwa. Mitumba ya soko la Kisesa na ya Mwanza mjini ina raba za namna hii nyingi ukiwa na subira ya kupekua.

Raba za kukimbilia zenye soli nene ya sponji vijana wanazipenda kwa kuwa zinavutia macho. Ni nzuri kwa kutembea, lakini kwenye pedeli unyayo unazama na kuyumba, na kama sponji imezeeka inapasuka. Si haramu, ila si chaguo la kwanza. Njumu za mpira wa miguu ni balaa. Kila Jumamosi utawaona vijana wamezivaa kabisa wakiwa juu ya baiskeli kuelekea uwanjani, na meno yale ya plastiki yanateleza juu ya chuma kama barafu. Zifungwe kwenye usukani, zivaliwe ukifika.

Makatambuga ya tairi nayapa nafasi ya pili, na najua baadhi ya wasomaji watacheka. Soli yake haipindi hovyo, inashika pedeli, na mwiba wa mbuga haupiti. Masharti ni mawili: yawe na mkanda wa nyuma unaoshika kisigino, na upapase ndani kwa mkono kuona kama msumari haujachomoza. Aibu yake ni moja, kwamba vidole viko nje.

Yeboyebo za plastiki zina nafuu kuliko ndala kwa kuwa zinashika mguu, lakini mguu unatoka jasho humo na kuelea, hasa ukitoka kutawadha hujajifuta. Viatu vya ngozi vya ofisini au vya shule vyenye soli nyororo vinateleza siku ya mvua, japo fundi viatu anaweza kukubandikia soli ya mpira kwa gharama ndogo na kikawa kiatu kizuri sana. Gambuti la mwenye shamba la mpunga au la mvuvi linakinga mguu, lakini likiwa pana kisigino kinacheza ndani na ncha yake inagonga huku na kule, livaliwe kwa safari fupi. Dada zetu wenye michuchumio sina la kuwaambia ila wapande gari.

Ukiwa sokoni usiridhike na kutazama rangi. Shika ncha na kisigino, kunja. Kiatu kizuri kinapinda penye vidole, hakipindi katikati. Bonyeza soli kwa kucha ya gumba: mpira uliokufa ni mgumu kama ubao na hauachi alama. Kisha panda nacho juu ya jiwe lenye mwinamo, mawe hatujanyimwa huku kwetu, usimame. Kikishika jiwe kavu na jiwe lililomwagiwa maji kidogo, kitashika pedeli. Nunua jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana na kiatu kilichokaa vizuri asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole. Na kamba zisining'inie, hususan za mguu wa kulia, kwa kuwa mnyororo uko kulia. Zifunge fundo mara mbili, uchomeke ncha ndani. Mwenye kanzu anayekwenda Ijumaa kwa baiskeli naye aikunje aifunge kiunoni mpaka afike. Grisi ya mnyororo ikishaingia kwenye kanzu nyeupe, mama watoto ndiye atakayelipa.

Mlango wa msikiti

Sasa nifike pale nilipoahidi. Kwa nini Muislamu mwenye uwezo wa kununua raba anapanda baiskeli na ndala? Nimewauliza wengi na majibu ni mawili. La kwanza, sala ni tano, na kila sala kuna kuvua, kutawadha na kuvaa, na kamba zinamchelewesha. La pili wanalisema kwa sauti ya chini: viatu vizuri vinaibwa msikitini.

La kwanza lina ufumbuzi mwepesi. Zipo raba zisizo na kamba, zenye mpira wa kubana pembeni, zinavaliwa kwa kusukuma mguu. Aidha, mtu akitoka nyumbani dakika tano kabla ya alivyozoea hatakimbizana na rakaa. Baadhi ya watu huniuliza kama wanaweza kupaka maji juu ya viatu badala ya kuvua. Mimi ni tabibu, si mufti, na masuala haya wapelekewe masheikh. Ila kwa tulivyosomeshwa katika madhehebu ya Imam Shafi'i (R.A.), khufu inayopakwa maji ni ile iliyovaliwa ukiwa na twahara kamili, inayofunika mguu mpaka vifundo, tena imara ya kutembelea, kwa muda wa mchana na usiku wake kwa mkazi na siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri. Raba yetu inaishia chini ya kifundo, kwa hiyo haimo. Vua, osha, na uhakikishe maji yanafika visiginoni na kati ya vidole, kwani kuhusu visigino visivyofikiwa na maji kuna onyo kali la Mtume (SAW) katika Bukhari na Muslim.

Baada ya hapo ndipo panapotakiwa usafi wa kitabibu. Kuingiza vidole vya mguu vyenye maji ndani ya kiatu cha kufunika, mara tano kwa siku, ni kuotesha fangasi. Ngozi kati ya vidole inakuwa nyeupe, inachanika, inawasha, na kupitia ule mpasuko bakteria huingia mpaka mguu mzima ukavimba. Wanazuoni wengi wameruhusu kujifuta baada ya udhu, basi weka kitambaa kidogo safi mfukoni kwa ajili ya miguu tu, kifuliwe kila siku. Soksi ziwe za pamba, jozi mbili, zibadilishwe kila siku. Anayesali safu ya kwanza na soksi za siku nne anawaudhi binadamu na malaika.

La pili, la wizi, ni aibu yetu sote na siwezi kulifunika. Nyumba ya Allah (SWT) imekuwa mahali ambapo mtu anavaa kiatu kibovu kwa makusudi ili kisitamaniwe. Naziomba kamati za misikiti, kabla ya kufikiria kupaka rangi mnara, watengeneze rafu ya mbao ya viatu ndani ya msikiti au pale mlangoni panapoonekana kutoka kwenye safu, na siku ya Ijumaa kijana mmoja akae zamu mpaka iqama. Mbao chache na misumari, fundi seremala wa jamaa anaweza kujitolea siku moja. Na ndala ziwepo, jozi nne au tano za msikiti, kwa ajili ya chooni na penye kutawadhia, ili mtu asiingie chooni na kiatu alichokuja nacho. Hapo ndala zimekaa mahali pake. Nina hakika msikiti wenye rafu utawaona waumini wake wakianza kuvaa viatu.

Watoto kwenye keria

Hapa naomba kina mama na kina baba wanisikilize vizuri. Mtoto anayepakiwa nyuma kwenda madrasa huwa amevaa ndala au hana kitu, miguu inaning'inia pande mbili za gurudumu. Akisinzia, au baba akikata kona ghafla, kisigino kinaingia kwenye spoku na kubanwa kati ya spoku na chuma cha fremu. Ni jeraha ambalo sipendi kuliona. Tena lina hila. Siku ya kwanza ngozi ya kisigino inaonekana imechubuka tu na mzazi anashukuru kuwa ni kidogo, kumbe nyama ya ndani imepondwa, na baada ya siku kadhaa ngozi ile inageuka nyeusi na kufa, mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unabaki wazi. Watoto wa namna hiyo huishia kupelekwa Sekou Toure au Bugando, wengine kwa ajili ya kupandikizwa ngozi, na shule na madrasa vyote vinasimama.

Kiatu cha kufunika chenye kisigino kigumu hakizuii kila kitu lakini kinapunguza sana madhara, kwani spoku hula kiatu kwanza. Kiatu cha shule kinatosha, na mtoto akivae hata kama ni Jumapili anakwenda kusoma Qur'an tu. Zaidi ya kiatu, mpelekee fundi baiskeli yako afunge wavu au bati jembamba pande mbili za gurudumu la nyuma, na vikanyagio viwili vya abiria. Kazi hiyo hiyo inamlinda na mama, maana baibui na khanga nazo huvutwa na spoku, na mama aliyekaa upande akivutwa baibui huanguka chali. Dada wanaoendesha wenyewe kwa stara yao nao wakumbuke pindo, na kiatu kiwe chenye kushika.

Likitokea la kutokea, simama papo hapo na usivute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoku kwa koleo, spoku ni rahisi kuliko kisigino. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, bana kwa kitambaa safi kama damu inatoka, mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo hata kama anatembea. Usipake dawa ya meno, majivu, oili chafu wala unga wa kidonge. Vitu hivyo tunakesha navyo tukivikwangua.

Kuna pepopunda pia. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na barabara zetu ng'ombe hupita kutwa. Huingia hata kwa tundu dogo la mwiba. Kina mama wengi wana kinga kwa sababu ya chanjo za kliniki ya wajawazito, na watoto wana chanjo zao. Waliobaki ni sisi wanaume, ambao wengi hatukumbuki sindano ya mwisho tulichomwa lini. Kwa hiyo baba mwenye jeraha lenye udongo asione haya kwenda kuulizia chanjo. Asisubiri mpaka taya lianze kukaza, kwani hapo ugonjwa umeshaingia na wengi hufa nao.

Wenye kisukari nawatenga peke yao. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za miguu, na mtu anaweza kuendesha na ndala kilometa nyingi, gidamu ikamkata kati ya vidole, asijue mpaka aone damu sakafuni. Huyu ndala ni marufuku, na hata kiatu chake akipapase ndani kwa mkono kabla ya kuvaa, aone kama hakuna jiwe wala msumari. Sisi huwaambia wagonjwa wa kisukari wakague miguu yao kila siku. Muislamu amerahisishiwa: anaishika miguu yake mara tano. Basi wakati wa kutawadha atazame kweli, kati ya vidole na chini ya unyayo, au amwite mjukuu amtazamie kama macho hayaoni. Kidonda cha siku moja tunakitibu zahanati. Cha mwezi huenda na mguu.

Limebaki la pedeli yenyewe. Raba nzuri juu ya pedeli iliyoisha vipande vyake vya mpira ikabaki vyuma viwili ni kazi bure, chuma kitaila soli kwa muda mfupi. Pedeli mpya au vipande vyake havimshindi anayeuza maziwa kila siku. Muulize fundi wako.

Na msomaji mmoja wa Bujora aliniuliza namna ya kukausha raba wakati wa masika. Usiziweke kandokando ya jiko wala juu ya bati la moto, gundi inaachia. Toa kamba na kitambaa cha ndani, suuza tope, zining'inize kivulini penye upepo, na ndani ujaze karatasi kavu za kunyonya maji, uzibadilishe zikilowa. Karatasi hizo zisiwe za gazeti hili wala lolote lenye aya, hadithi au jina la Allah (SWT). Tumia magazeti ya michezo.